Mikono Iliyoifundisha Kompyuta Kuona Madoa

Watu wakisikia kwamba kompyuta sasa inasoma picha za ubongo za wagonjwa wa maltipo sklerosisi, hudhani imejifunza yenyewe. Sivyo. Ilifundishwa na watu waliokaa kitako siku nzima wakifuata ukingo wa kila doa kwa kipanya, na mimi niliyetoka Tanga kwenda London kusomea kazi za picha ni mmoja wao. Wengi wetu hatutajwi popote, ndiyo maana naiandika historia hii.

Ugonjwa wenyewe, ambao madaktari huuita MS, hutokea kinga ya mwili inapoishambulia mielini, ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva kwenye ubongo na uti wa mgongo. Ala ikiliwa, jicho huingia ukungu, mguu hufa ganzi, nguvu humwishia mtu angali kijana. Mwaka 1868 Jean-Martin Charcot, wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, alizihusisha dalili za namna hiyo na madoa magumu yaliyokutwa kwenye ubongo wa marehemu. Mwaka 1916 James Dawson wa Edinburgh aliyachunguza kwa hadubini, akaona yanafuata vishipa vya damu vinavyotoka kwenye ventrikali, yale mashimo ya maji katikati ya ubongo. Hadi leo tunayaita vidole vya Dawson. Lakini wote wawili walifika baada ya mauti. Mgonjwa aliye hai hakuwa na wa kumwonyesha doa lake.

Mwaka 1981 hali hiyo ilibadilika kwa kishindo. Ian Young na wenzake wa Hammersmith, London, waliwapiga picha wagonjwa 10. CT skani ilionyesha madoa 19. Mashine mpya ya sumaku, hii tunayoiita MRI, iliyaonyesha hayo na mengine 112 juu yake. Kila nikizisoma tarakimu hizo nasisimka: madoa 112 yalikuwa mle vichwani na hakuna aliyekuwa akiyaona.

Yakishaonekana, lazima yapimwe. Mwaka 1993 interferoni beta-1b ilipokubaliwa Marekani kuwa dawa ya kwanza ya kupunguza mashambulizi ya MS, sehemu kubwa ya ushahidi ilikuwa picha. Wagonjwa wa jaribio la dawa hiyo walipigwa MRI mwaka baada ya mwaka, na timu ya Donald Paty na David Li huko Vancouver ikapima eneo la madoa. Tangu hapo majaribio mengi ya dawa za MS yamehitaji wahesabu madoa.

Kazi ni hivi. Unafungua picha ya FLAIR, inayoyafanya maji ya ubongo kuwa meusi ili madoa yang'ae. Ubongo umekatwa vipande kama mkate, nawe unashuka kipande kimoja kimoja. Doa la kandokando ya ventrikali halina taabu: jeupe, umbo la yai. Taabu ni pale weupe unapofifia kidogo kidogo kuwa kijivu. Ukingo uuweke wapi? Mwenzangu wa meza ya pili aliuweka ndani kidogo, mimi nje kidogo, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Mama aliyenifunza alikuwa akizima taa za chumba, na alinikataza kabisa kuamua doa kwa kipande kimoja. Sharti kwanza upande na kushuka, uwaone majirani zake. Ubongo mmoja ungeweza kumeza asubuhi nzima.

Michoro ya namna hiyo ndiyo iliyokuja kuwa kitabu cha mwanafunzi, yaani kompyuta. Mwaka 2015, Freiburg, Ujerumani, ulitoka mtandao wa neva bandia, yaani programu inayojifunza kwa mifano, uitwao U-Net, wa kuchora mipaka kwenye picha za kitabibu. Mwaka 2016 Tom Brosch na wenzake, Vancouver tena, walitangaza mtandao wa ujifunzaji wa kina wa madoa ya MS. Uliuchukua ubongo katika pande zake tatu, majirani wa juu na wa chini wakiwemo. Niliposoma hilo nilimkumbuka yule mama.

Mwaka huohuo yalifanyika mashindano ya programu za kuchora madoa mjini Athens. Wataalamu 7 walikuwa wamechora madoa ya wagonjwa 53, kila mmoja kivyake, kisha programu zikapimwa dhidi yao. Zote zilibaki nyuma ya wataalamu. Tangu hapo zimepiga hatua, na pale inapotakiwa kulinganisha picha ya mwaka jana na ya leo kutafuta doa jipya, naikaribisha kompyuta kwa moyo mmoja, maana jicho la binadamu huchoka.

Ila mwanafunzi huyu anakijua kile alichoonyeshwa tu. Picha nyingi zilizomfundisha zimetoka Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako MS imeenea zaidi kuliko kwetu karibu na ikweta. Hospitali zetu hukutana na madoa meupe ya kifua kikuu cha ubongo, ya VVU, ya shinikizo la damu la muda mrefu, ya minyoo ya tegu. Mtandao ambao haujawahi kuyaona unaweza kuyahesabu yote kuwa MS, na mgonjwa akapewa dawa ya kupunguza kinga huku ana kifua kikuu.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu mnaosoma picha Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Lubumbashi: zitunzeni picha zenu, kwa idhini ya wagonjwa na majina yakiwa yamefutwa, na mchore madoa yake kwa mikono yenu. Programu isiyopimwa kwa picha hizo isipewe kazi kwenye hospitali zetu.