Vitabu vya katuni vinapochelewa: Kwa nini mashabiki hukasirika, na nani hulipa gharama

Na Mwandishi Wetu

WASOMAJI wa hadithi za mfululizo wanalifahamu vyema neno linalokaa chini kabisa ya ukurasa: "Itaendelea." Ni neno dogo, lakini ndani yake mna ahadi. Mwandishi anamwambia msomaji kwamba fedha yake ya leo haikupotea, na kwamba kisa kilichokatwa kikiwa kitamu kitaunganishwa katika toleo lijalo.

Katika biashara ya vitabu vya katuni nchini Marekani na Japan, ahadi hiyo ndiyo nguzo ya kila kitu. Kitabu kimoja cha Kimarekani huwa na kurasa 20 hadi 22 tu za kisa, nacho huuzwa kama sehemu ya mfululizo unaoweza kuchukua mwaka mzima kukamilika. Sehemu inayofuata isipotokea kwa wakati, anayeumia si shabiki peke yake. Mwenye duka hukwama na hasara, na mfululizo wenyewe huweza kufa njiani.

Makala haya yanaeleza ucheleweshaji huo hutoka wapi, kwa nini huzua hasira kubwa, na ni dawa gani zimewahi kujaribiwa.

Kazi ya mikono mingi

Kitabu cha katuni cha Kimarekani hupita katika mikono ya watu kadhaa. Mwandishi hutunga kisa na kuandika maelezo ya kila picha. Mchoraji huchora kwa penseli. Mwingine hufuatia kwa kupiga wino juu ya mistari hiyo, kisha mtia rangi hufanya kazi yake, na mwisho huja anayepanga maneno katika vidonge vya mazungumzo. Mhariri husimamia safari yote hadi kiwandani.

Katika mnyororo huo, pingu ngumu zaidi huwa ni mchoraji wa penseli. Kipimo kilichozoeleka ni ukurasa mmoja kwa siku ya kazi. Kurasa 22 ni sawa na siku zote za kazi katika mwezi, bila nafasi ya kuugua, kufiwa wala kuchoka. Mchoraji apendaye kutia kila tofali la jengo na kila uso katika umati huhitaji muda zaidi ya huo. Kwa maneno mengine, ratiba ya kila mwezi imejengwa juu ya hesabu isiyo na akiba.

Mfano wa mapema ni "Camelot 3000" wa kampuni ya DC, mfululizo wa matoleo 12 ulioandikwa na Mike W. Barr na kuchorwa na Mwingereza Brian Bolland. Ulianza mwaka 1982. Bolland alikuwa na mkono wa taratibu na jicho la kupenda ukamilifu. Toleo la 11 lilikuwa na tarehe ya Julai 1984 kwenye jalada, na la 12 likawa na tarehe ya Aprili 1985. Mashabiki walisubiri miezi 9 ili kusoma kurasa za mwisho za kisa walichokuwa wamekifuatilia tangu mwanzo.

Mzigo wa mwenye duka

Ili kuielewa hasira ya wauzaji, ni lazima kwanza kuelewa soko lao. Hadi miaka ya 1970, vitabu vya katuni viliuzwa zaidi katika vibanda vya magazeti, na nakala zisizouzika zilirudishwa kwa mchapishaji. Katika miaka hiyo Phil Seuling wa New York alianzisha utaratibu mwingine. Maduka maalumu yalinunua vitabu kwa punguzo kubwa zaidi, lakini kwa sharti moja: visivyouzwa havirudishwi.

Utaratibu huo, unaojulikana kama soko la moja kwa moja, ulistawi na kuyafanya maduka maalumu kuwa soko kuu la vitabu hivyo. Hata hivyo, ulihamishia hatari yote mabegani mwa mwenye duka. Yeye hutakiwa kuagiza takriban miezi miwili kabla kitabu hakijatoka. Hii ina maana kwamba huagiza toleo la pili, na mara nyingi la tatu, kabla hajajua la kwanza limeuzika vipi.

Tuchukulie duka limeagiza nakala 100 za toleo ambalo lingetoka mwezi Juni, wakati kisa kikiwa moto midomoni mwa wateja. Kitabu kikija Novemba, moto umezimika. Huenda wateja 40 wamekwishaelekeza fedha zao kwingine. Nakala hizo 40 hubaki rafuni, na bei yake imetoka mfukoni mwa mwenye duka. Aidha, fedha aliyoitegemea kulipia pango la Juni haikuingia.

Hali hiyo ilidhihirika mwaka 1993. Mwaka mmoja kabla yake, wachoraji 7 maarufu, wakiwamo Todd McFarlane, Jim Lee na Rob Liefeld, walikuwa wameanzisha kampuni ya Image ili wamiliki kazi zao wenyewe. Uhuru huo ulikuja bila nidhamu ya ratiba. Image ilishirikiana na kampuni ya Valiant kutoa mfululizo ulioitwa "Deathmate", na maduka yakaagiza shehena kubwa. Sehemu zilizosimamiwa na Valiant zilitoka kwa wakati, lakini za upande wa Image zilichelewa. Bob Layton, aliyekuwa mhariri mkuu wa Valiant, amewahi kusimulia jinsi alivyolazimika kusafiri hadi California kufuata kurasa za Liefeld, kisha akazipiga wino mwenyewe akiwa hotelini.

Vitabu vilipofika, wateja wengi walikuwa wamekata tamaa. Mabunda yalibaki madukani. "Deathmate" haukuwa chanzo pekee cha anguko la soko la katuni la katikati ya miaka ya 1990, kwani ulanguzi wa wakusanyaji ulichangia sana, lakini hadi leo wauzaji wa zamani huutaja miongoni mwa vitu vilivyowavunja mgongo.

Mwaka 2002 malalamiko yalifika mahakamani. Brian Hibbs, mwenye duka la Comix Experience mjini San Francisco, aliishitaki kampuni ya Marvel kwa niaba yake na ya wauzaji wenzake. Alidai kwamba masharti ya mauzo yaliruhusu vitabu vilivyochelewa, au vilivyotoka vikiwa tofauti na vilivyotangazwa, kurudishwa, lakini haki hiyo haikuheshimiwa. Shauri hilo lilimalizika kwa maafikiano, na wauzaji wakapata fidia.

Mwaka 2006: Njia mbili

Mwaka 2006 uliwapa wasomaji nafasi adimu ya kulinganisha njia mbili za kuikabili kalenda.

Marvel ilikuwa na "Civil War", mfululizo wa matoleo 7 ulioandikwa na Mark Millar na kuchorwa na Steve McNiven. Katikati ya safari, mwezi Agosti, kampuni ilitangaza kuwa toleo la nne lingechelewa na mengine yangesogezwa mbele. Kwa kuwa vitabu vingine vingi vya Marvel vilitegemea matukio ya kisa hicho, navyo vilisimamishwa ili visifichue siri kabla ya wakati. Toleo la mwisho lilitoka Februari 2007. Wauzaji walilalamika kwamba msimu mzima wa mauzo ulivurugwa na penseli ya mtu mmoja.

Marvel ingeweza kumleta mchoraji mwingine. Uongozi wake ulieleza kuwa haukutaka, kwa sababu kitabu kamili kingesomwa kwa miaka mingi ijayo na kilistahili mkono mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

DC, kwa upande wake, ilianza Mei 2006 kutoa mfululizo ulioitwa "52": toleo moja kila wiki kwa mwaka mzima. Waandishi walikuwa wanne, Geoff Johns, Grant Morrison, Greg Rucka na Mark Waid, naye Keith Giffen alipanga mchoro wa awali wa kurasa ili wachoraji wengi wapokezane bila kisa kupoteza sura. Matoleo yote 52 yalitoka, wiki baada ya wiki, hadi Mei 2007.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa mjadala. Msomaji wa "52" hakusubiri, lakini alizoea michoro ya mikono tofauti. Msomaji wa "Civil War" alipata sura moja ya kuvutia, lakini alilipa kwa subira. Ni vigumu kumpa vyote viwili kwa wakati mmoja.

Wageni kutoka filamu

Kuna ucheleweshaji ambao hauna uhusiano na penseli. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wachapishaji waliwaajiri watu mashuhuri wa filamu na televisheni kuandika katuni. Majina yao yaliuza, lakini kazi iliyowalisha ilikuwa kwingine.

Mtengenezaji filamu Kevin Smith alianza "Daredevil: The Target" mwaka 2002. Toleo la kwanza lilitoka. La pili halikuwahi kuonekana. Mfululizo wake mwingine, wa Spider-Man na Black Cat, ulisimama mwaka huo huo baada ya matoleo matatu, ukakamilika mwaka 2006. Naye Damon Lindelof, mmoja wa waasisi wa tamthilia ya "Lost", alitoa toleo la pili la "Ultimate Wolverine vs. Hulk" Februari 2006. La tatu lilitoka Machi 2009.

Msomaji aliyekuwa kidato cha kwanza toleo la pili lilipotoka, alikuwa kidato cha nne lilipofuata la tatu.

Japan: Gharama ya mwili

Nchini Japan, katuni nyingi hutoka kwanza katika majarida ya kila wiki, na mchoraji hutakiwa kutoa takriban kurasa 20 kwa wiki, akisaidiwa na wasaidizi wachache. Huko hadithi ya ucheleweshaji hugeuka kuwa hadithi ya afya.

Yoshihiro Togashi alianza "Hunter × Hunter" katika jarida la Weekly Shonen Jump mwaka 1998. Tangu hapo mfululizo huo umesimama mara nyingi mno, ukiwamo ukimya wa takriban miaka 4 uliokwisha Oktoba 2022. Kwa muda mrefu mashabiki walimtania kwamba ni mvivu. Baadaye Togashi alieleza kuwa maumivu ya mgongo yalimfanya ashindwe kukaa kwenye kiti na kuchora kwa kiasi cha miaka 2. Ai Yazawa naye aliusimamisha mfululizo wake wa "Nana" mwaka 2009 kutokana na maradhi.

Kisa kinachotajwa kwa huzuni zaidi ni cha Kentaro Miura. Alianza "Berserk" mwaka 1989, na michoro yake ilisifika kwa wingi wa mistari midogo isiyohesabika. Miaka ilivyopita, sehemu zilizidi kuchelewa, na mashabiki wakawa na utani kuhusu shujaa aliyebaki ndani ya mashua kwa miaka mingi. Mei 2021 Miura alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 54, kutokana na kuchanika kwa mshipa mkuu wa damu. Utani ulikoma. Juni 2022 wasaidizi wake wa studio waliendeleza kazi hiyo chini ya usimamizi wa rafiki yake wa siku nyingi, Kouji Mori, ambaye Miura alikuwa amewahi kumsimulia mwisho wa kisa.

Dawa zilizojaribiwa

Dawa ya kwanza ni mapumziko yanayotangazwa. Brian K. Vaughan na Fiona Staples walipoanzisha "Saga" mwaka 2012, walizoea kutoa matoleo 6 kisha kupumzika kwa miezi michache huku sehemu zilizopita zikikusanywa katika kitabu kimoja. Msomaji hakuhesabu mapumziko hayo kuwa uongo, kwa sababu aliambiwa mapema. Hata mapumziko marefu ya Julai 2018 hadi Januari 2022 hayakuwafukuza mashabiki wote.

Ya pili ni kubadili ratiba waziwazi. "Doomsday Clock" wa DC ulianza Novemba 2017 kwa matarajio ya kutoka kila mwezi, ukahamishiwa kila miezi miwili, na bado ulikamilika Desemba 2019.

Ya tatu ni kutotangaza chochote mpaka sehemu kubwa ya kazi iwe mezani. Hii ndiyo dawa bora kuliko zote, na ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa humlazimu mchapishaji kulipa mishahara ya miezi kadhaa kabla ya kuingiza hata senti moja.

Zipo pia athari ambazo hakuna ratiba inayoweza kuzizuia. Mwaka 2020, kutokana na janga la korona, msambazaji mkuu, Diamond, alisimamisha usambazaji tangu mwanzoni mwa Aprili hadi karibu na mwisho wa Mei. Januari 2025 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

Anayesubiri huua anachokisubiri

Ucheleweshaji una madhara mengine yasiyoonekana haraka. Shabiki aliyeumwa mara mbili hujifunza kutonunua toleo la kila mwezi. Husubiri kitabu kamili. Uamuzi huo ni wa busara kwake. Lakini wakifanya hivyo wengi, mauzo ya kila mwezi hushuka, mchapishaji huona mfululizo hauna soko na kuufuta, na kitabu kamili alichokisubiri hakitoki kamwe.

Kwa upande mwingine, muda husamehe mengi. "Planetary" wa Warren Ellis na John Cassaday ulichukua takriban miaka 10 kutoa matoleo 27, na la mwisho lilitoka mwaka 2009, miaka 3 baada ya lililotangulia. Anayekinunua kitabu kizima leo hukimaliza kwa siku chache, wala hajui kwamba kati ya kurasa mbili alizozifunua kwa kidole kuna watu walisubiri miaka 3.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Mashabiki wengi huwa tayari kumpa mchoraji muda anaouhitaji. Wanachokidai kwa mchapishaji ni kwamba asiwauzie tarehe ambayo yeye mwenyewe anajua haitatimia.