Jina la Kwenye Saa Si la Fundi

Wasee, jina lililo kwenye uso wa saa ya zamani mara nyingi si la aliyetengeneza mashine iliyo ndani. Najua inauma, hasa kama saa ni ya guka na umekuwa ukijigamba nayo.

Kule Uswisi kazi iligawanywa. Kiwanda kimoja kilitoa mashine ghafi, kampuni nyingine ikainunua, ikaimalizia, kisha ikaandika jina lake juu. Fontainemelon walianza biashara hiyo mwaka wa 1793. Adolf Schild akafungua kiwanda chake Grenchen mwaka wa 1896. Mwaka wa 1926, kampuni hizo mbili na A. Michel zikaungana chini ya Ebauches SA. Majina madukani yalikuwa mengi ajabu, lakini mashine nyingi zilitoka kwa viwanda vichache tu.

Sasa kama mashine haina jina, utajuaje ni ya nani? Anza chini ya lile gurudumu linalocheza huku na huku. Hapo ndipo herufi AS, za Adolf Schild, hupenda kujificha pamoja na namba. Hakuna kitu? Pima kipenyo, kisha mwambie fundi atoe mishale na uso wa saa. Chini yake kuna vipande vidogo vya chuma vinavyokuwezesha kutia saa ufunguo au kusongesha mishale. Umbo la vipande hivyo ni kama alama ya kidole. Mashine mbili zinaweza kulingana ukubwa, lakini hapo zinatofautiana. Katalogi za mafundi, kama ile ya Flume ya Ujerumani, zina michoro yake, unalinganisha tu.

Chukua AS 1130, yenye kipenyo cha karibu milimita 29. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wanajeshi wa Ujerumani walivaa saa za majina tofauti tofauti, kumbe nyingi zilikuwa na mashine hiyo moja.

Utaniuliza, so what? Kwanza, ukiambiwa saa ya guka haina spea, usiitupe bado. Ukijua mashine, spea inaweza kutoka kwa saa ya jina jingine kabisa. Pili, sisi tunaabudu lebo sana. Aliyeandika jina alilipwa sifa, na aliyechonga chuma akasahaulika. Mimi nasema tumtafute huyo wa pili. Kazi yake bado inatembea.