Pesa inapohama mtandao: programu huria iliyo nyuma ya muamala wako

Makongolosi ni mji ambao pesa haikai. Mchimbaji mdogo akishauza dhahabu yake, kabla ya jua kuzama sehemu ya fedha imeshakwenda kwa mwenye karasha, nyingine kwa mama lishe aliyemkopesha chakula wiki nzima, na inayobaki inatumwa nyumbani Iringa, Singida au popote alikotoka. Mchimbaji ana laini ya mtandao mmoja, mama lishe ana ya mtandao mwingine, na mwenye karasha anataka zake ziingie benki. Kila mmoja anabonyeza simu, jina la mpokeaji linatokea, anaweka namba ya siri, kazi imekwisha.

Wasikilizaji wetu wanajua makato ya muamala huo hadi shilingi ya mwisho. Kisichojulikana sana ni kwamba mfumo wa taifa unaounganisha mitandao na benki umejengwa juu ya programu ambayo haikununuliwa dukani. Ni programu huria: mtu yeyote, hata kijana mwenye kompyuta mpakato pale Makongolosi, anaweza kuisoma mstari kwa mstari na kuitumia bila kulipa ada. Na walioiandika ni watu wa kampuni ambazo kwa kawaida hushindana.

Tunaeleza hapa jambo hilo lilivyotokea, na nini kinaweza kuharibika.

Programu huria ni nini

Kila programu ya kompyuta ni maandishi. Wataalamu huyaita msimbo: maelekezo yanayoiambia mashine ifanye nini, hatua kwa hatua. Kampuni nyingi huficha msimbo wao. Unalipia ruhusa ya kutumia programu, lakini ndani huoni. Ni sawa na kuhamia nyumba ambayo ramani yake amebaki nayo fundi aliyeijenga. Bomba likipasuka ukutani, lazima umwite yeye, na bei anapanga yeye.

Programu huria inakuja na ramani yake. Leseni inaruhusu kusoma msimbo, kuutumia, kuubadilisha na kuwapa wengine. Mara nyingi haina ada, lakini uhuru ndio kiini chake, bei inafuata nyuma. Watanzania hawakuanza jana kushiriki kazi hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Haikuenea kama ilivyotarajiwa, lakini ilionyesha kwamba watu wa hapa wanaweza kuufungua msimbo wa wengine na kuufanya uzungumze lugha yao.

Kwa nini washindani waandike pamoja

Benki ni wasiri kwa asili. Kwa miaka mingi kila moja ilitengeneza au kununua mfumo wake na kuufungia. Lakini sehemu kubwa ya mifumo hiyo haimpi mwenyewe faida yoyote juu ya jirani yake. Hakuna mteja anayehamia benki fulani kwa sababu ina namna nzuri ya kupanga orodha za taarifa. Benki kumi zikiandika kitu kilekile mara kumi, gharama imelipwa mara kumi, na makosa yamefanyika mara kumi.

Hata benki kubwa za dunia zimelikubali hilo. Tangu mwaka 2018 taasisi iitwayo FINOS imekuwa ikizikutanisha benki kubwa za Marekani na Ulaya ziandike programu kwa pamoja, na mwaka 2020 ikajiunga na Linux Foundation. Mwaka huohuo Goldman Sachs ilitoa hadharani Legend, programu yake ya kupanga na kuelezea taarifa za fedha, ambayo hapo awali ilikuwa ya matumizi ya ndani. Hawakufanya hivyo kwa wema. Waliona kwamba ukitaka wenzako waelewe taarifa zako, ni rahisi zaidi wakitumia chombo kilekile unachotumia wewe.

Kwetu hapa sababu ilikuwa kali zaidi: pesa ilikuwa imekwama ndani ya mitandao.

Kutoka mikataba ya wawili wawili hadi TIPS

M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, na wengine walipofuata, kila mtandao ulikuwa kisiwa. Kumtumia mtu wa mtandao mwingine kulimaanisha apokee ujumbe wenye namba, aende kwa wakala akatoe fedha taslimu. Wengi waliamua kubeba laini mbili au tatu. Mwaka 2014 Tigo (leo Yas), Airtel na Zantel zilikubaliana wateja wao watumiane moja kwa moja kutoka pochi hadi pochi. Vodacom iliingia mwaka 2016. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kufika hapo.

Lakini mikataba ile ilikuwa ya wawili wawili. Kila kampuni iliunganisha mitambo yake na ya mwenzake, ikakubaliana naye bei, ikasuluhisha naye hesabu. Hesabu ya njia hiyo ni mbaya. Watoa huduma watano wanahitaji viunganisho 10. Wakiwa 40, kwa kuchanganya benki na mitandao, wanahitaji 780. Benki ndogo haiwezi kumudu mazungumzo ya namna hiyo, na mkubwa hana haraka ya kumwunganisha mdogo.

Dawa yake ni kituo kimoja katikati, ambako kila mmoja anajiunga mara moja tu. Benki Kuu ya Tanzania ilianzisha kituo hicho, Mfumo wa Malipo ya Papo kwa Papo unaojulikana kwa kifupi chake TIPS, ulioanza kufanya kazi kwa hatua mwaka 2021. Msingi wa programu yake ni Mojaloop.

Jina hilo limetokana na neno letu, moja. Mojaloop ilitolewa Oktoba 2017 na Taasisi ya Bill na Melinda Gates, baada ya kazi iliyofanywa na kampuni kadhaa za teknolojia zikiwemo Ripple, Dwolla na ModusBox. Watengenezaji wa mifumo ya pesa za simu, kama Ericsson na Huawei, ambao sokoni hawapendani hata kidogo, walikaa pamoja kukubaliana namna mifumo yao itakavyozungumza. Tangu 2020 ipo chini ya taasisi yake yenyewe, na msimbo wake unapatikana kwa leseni ya Apache, ambayo ni miongoni mwa leseni zenye masharti machache.

Sekunde chache za muamala

Mfumo wa namna hii hupitisha malipo kwa hatua tatu. Kwanza unauliza: namba hii ni ya nani, na iko kwa nani? Jibu ndilo lile jina unaloliona kwenye simu kabla ya kuthibitisha, na ndiyo kinga yako kubwa dhidi ya kukosea namba, kwa hiyo lisome. Pili, upande wa mtumaji na wa mpokeaji wanakubaliana masharti: kiasi gani, makato kiasi gani. Tatu, pesa inahamishwa, na kila upande unabaki na uthibitisho ambao mwingine hawezi kuukana.

Fedha zenyewe hazisafiri kila mara unapobonyeza. Mfumo unaandika nani anamdai nani, kisha hesabu zinasuluhishwa kati ya taasisi na taasisi. Mtoa huduma akifikia kikomo cha anachoweza kudaiwa, muamala unaofuata unakataliwa. Bila kikomo hicho, kampuni moja ikianguka ingewaangusha na wengine.

Hapa lazima tutenganishe vitu viwili vinavyochanganywa sana. Msingi wa programu ndio huria. Mfumo wenyewe, pamoja na mitambo, funguo za siri na taarifa za wateja, uko mikononi mwa Benki Kuu. Kusoma msimbo wa Mojaloop hakukuonyeshi salio la mtu.

Je, wezi hawatauona?

Wataona. Na watu waaminifu wataona pia, ambao ni wengi zaidi. Usalama wa mfumo wa fedha haupaswi kutegemea kuficha namna kufuli lilivyotengenezwa, bali kutunza ufunguo.

Hata hivyo tusidanganyane kwamba uwazi peke yake ni ulinzi. Mwaka 2017 wezi waliingia katika mifumo ya Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za mikopo, wakachota taarifa za watu wapatao milioni 147. Walipitia kasoro katika Apache Struts, ambayo ni programu huria. Kasoro hiyo ilikuwa imeshagunduliwa na marekebisho yake kutolewa mwezi Machi. Wizi ulianza Mei. Jumuiya ya watengenezaji ilikuwa imefanya sehemu yake. Kampuni haikuweka marekebisho kwa wakati.

Sisi tunaona hatari kubwa kwa nchi kama yetu iko hapo. Leseni ya Apache haimlazimishi mtumiaji kurudisha maboresho yake kwa wenzake. Taasisi inaweza kuchukua msimbo, kuubadilisha kwa mahitaji yake, na kujifungia. Mwaka wa kwanza inajisikia huru. Miaka mitano baadaye msimbo wake umetofautiana sana na wa wenzake, marekebisho mapya hayaingii tena kirahisi, na vijana watatu walioujua vizuri wameajiriwa kwingine. Hapo umerudi palepale, nyumba bila ramani, safari hii ramani umeipoteza mwenyewe.

Vipi SACCOS na AMCOS zetu?

Wilaya ya Chunya si dhahabu tu. Kuna wakulima wa tumbaku na vyama vyao, kuna SACCOS, kuna vikundi vya kuweka na kukopa. Wengi bado wanatumia daftari, au faili la kompyuta analolielewa karani mmoja.

Kuna programu huria iliyotengenezwa kwa ajili ya taasisi ndogo za namna hii. Mifos ilitolewa na Grameen Foundation mwaka 2006 kwa ajili ya taasisi za mikopo midogo. Kiini chake baadaye kilikabidhiwa kwa Apache Software Foundation, na sasa kinaitwa Apache Fineract. Kinatunza akaunti za wanachama, akiba, mikopo, riba na marejesho. Jirani zetu wa Kenya wana mfano: Musoni, iliyoanza mwaka 2010 ikikopesha na kupokea marejesho kwa simu bila kushika noti, ilijenga mfumo wake juu ya msimbo huo.

Lakini kiongozi wa chama akisikia neno “bure”, aulize maswali kabla ya kushangilia. Programu ni bure. Mtambo wa kuiendeshea si bure, wala umeme, wala mtu wa kuisimamia, wala nakala za akiba siku mtambo ukiungua, wala kuwafundisha makarani. Kwa chama cha watu 60, daftari linalokaguliwa kila mwezi linaweza kuwa salama kuliko mfumo usio na msimamizi. Vyama kumi vikiungana kumlipa fundi mmoja anayeujua msimbo, hesabu inabadilika. Na kama fundi huyo atakuwa kijana aliyesoma Mbeya mjini, akiondoka mwingine anaweza kushika kazi, kwa sababu msimbo uko wazi kwa wote.

Makato je?

Programu haipangi bei. Tozo ya serikali iliyoanza 15 Julai 2021, ikapunguzwa Septemba mwaka huo baada ya malalamiko, haikutoka kwenye msimbo wowote, na makato ya mtandao wako hayatoki humo pia. Kituo cha pamoja kinaweza kupunguza gharama za mtoa huduma. Kama punguzo hilo litamfikia mama lishe wa Makongolosi ni suala la ushindani na la usimamizi wa Benki Kuu, na ni haki ya mteja kuliuliza.

Pesa ikikwama katikati ya mitandao, anza na mtoa huduma ulikotumia, si alikopokea mwenzako. Tunza ujumbe wenye namba ya muamala. Bila namba hiyo kufuatilia kunakuwa kugumu. Usiporidhika na majibu, malalamiko yanaweza kupelekwa Benki Kuu, ambayo ina tawi Mbeya mjini.