Wakatoliki wa Pemba: jumuiya ndiyo ukoo

Ukisikia Pemba unawaza karafuu na adhana. Sawa, ila Wakatoliki wapo pia, wachache mno, na wiki yao ina historia yake.

Mapadre walitua Unguja mwaka 1860 wakitokea Réunion, 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo. Utumwa ulipofutwa kisheria visiwani 1897, wenye mashamba wakahangaika na vibarua, watu wa bara wakawa wanavuka kutafuta kazi. Baada ya Muungano wa 1964 wakaongezeka walimu, polisi, wanajeshi. Jimbo la Zanzibar, Pemba ikiwemo, likaundwa 1980.

Sasa hebu fikiria, mwalimu kapangiwa Wete. Hana shangazi, hana mjomba. Atakimbilia wapi? Jumuiya! Maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa jumuiya ndogondogo kipaumbele mwaka 1976, na mpaka leo mambo ni yale yale: kila wiki mnakutana nyumbani kwa mmoja wenu, rozari, injili ya Jumapili, sadaka, kisha swali kubwa, nani anaumwa? Dar unaweza kukwepa miezi, nani atajua? (Tunajijua.) Pemba mko wachache, ukikosa mara mbili mtu anagonga mlango.

Kinachowaumiza ni barua ya uhamisho. Leo mna mpiga kinanda, kesho kapelekwa Songea, na mazoezi ya kwaya Jumamosi yanaanza upya na yeyote aliyeshuka melini wiki hiyo.