Kioo cha Vista

Mwaka 2008 saiba ya mtaa wetu ilipata mashine moja mpya na foleni yote ikahamia hapo. Ilikuwa na Windows Vista. Kingo za madirisha zilikuwa kama kioo, unaona kilicho nyuma, na ukibonyeza vitufe viwili madirisha yote yanajipanga kimshazari kama karata. Bob moja kwa dakika, nami nilikuwa nimekuja kujaza fomu ya chuo. Nikacheza na zile karata dakika kumi. Halafu mashine ikakwama, fomu ikapotea, na mfukoni sikuwa na kitu cha kuanzia upya.

Fundi akaja, akazima kioo. “Hizi mbwembwe ndizo zinakula mashine,” akasema. Mashine ikabaki nzito vilevile.

Nilimwamini miaka mingi. Siku hizi naona alimshika mshukiwa asiye sahihi. Apple walipotoa Mac OS X Machi 2001, ilikuwa na vivuli na madirisha yanayonyonywa chini kama jini arudiye kwenye chupa, na ilikuwa polepole ajabu kwa sababu prosesa ndiyo iliyounganisha picha hizo zote. Agosti 2002, toleo la 10.2 likaikabidhi kadi ya grafiki kazi hiyo. Urembo ni uleule, mbebaji tofauti. Kioo cha Vista nacho kilichorwa na kadi; kilichotukwamisha sisi, nadhani, ni RAM kidogo.

Lakini Microsoft siwasamehi. Kioo kilihitaji RAM ya gigabaiti 1 na kadi inayokiweza, ilhali kibandiko cha “Windows Vista Capable” kilibandikwa hata kwenye mashine za megabaiti 512 zisizoweza kukionyesha kamwe. Wanunuzi walikwenda mahakamani Seattle. Mwaka 2008 baruapepe za ndani zikaanikwa, na kumbe hata Mike Nash, mkubwa wa hukohuko Microsoft, alikuwa amenunua laptopu ya dola 2,100 akalalamika kwamba inafaa baruapepe tu. Buda, kama yeye alichezwa, sisi wa bob moja tungejuaje?

Fomu niliijaza wiki iliyofuata, kwenye mashine kuukuu ya XP pale kona, isiyo na kioo wala foleni.