Rangi Iliyofichwa Chini ya Gamba

Wanaokereza kalamu kwa mikono wana kazi moja ambayo mnunuzi haioni kamwe. Kabla kijiti cha akriliki hakijafungwa kwenye mashine ya kukerezea, hutobolewa katikati na kugundishiwa ndani yake mrija wa shaba ya njano, ambao ndio utakaoshika ncha ya kalamu upande mmoja na kishikizo upande wa pili. Mrija huo kwanza husuguliwa kwa msasa na kufutwa mafuta. Kisha, ikiwa kijiti ni cha kupenyeza mwanga, hupakwa rangi. Wapo wanaoidharau hatua hii ya mwisho na kuihesabu kuwa ujanja wa juzi tu, ulioletwa na plastiki ambazo haziwezi kujipendezesha zenyewe. Sikubaliani nao. Kupaka rangi kilichofichwa ili kinachoonekana kipate uhai ni mazoea ya karne nyingi katika karakana za masonara na maseremala wa Ulaya, na anayepaka rangi mrija wa kalamu leo anakabiliana na tatizo lilelile walilolikabili wao.

Tatizo lenyewe linatokana na mwanga. Ukiangalia kitu kinachopenyeza mwanga, unachokiona ni mwanga ulioingia, ukagonga kilichoko nyuma yake, ukarudi kwa njia ileile. Kilichoko nyuma kwa hiyo kina sauti katika rangi ya mwisho, na sauti hiyo huwa kubwa zaidi kadiri tabaka la juu linavyokuwa jembamba. Ukuta wa kalamu iliyokwisha kukerezwa una unene wa milimita chache tu, na karibu na ncha pengine haufiki hata milimita moja. Shaba ya njano, mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, humeza sehemu kubwa ya mwanga wa buluu na kurudisha wa njano na wekundu. Ndiyo maana akriliki ya buluu iliyokuwa ikivutia ikiwa bado kijiti kinene huishia na ukijani mchafu ikishavikwa juu ya shaba tupu. Ukiupaka mrija rangi nyeupe, buluu hurudi na kung'aa. Ukiupaka nyeusi, huzama na kuwa nzito.

Masonara wa Italia waliyajua haya kwa vito. Benvenuto Cellini, katika kitabu chake cha ufundi wa usonara kilichochapishwa Florence mwaka 1568, anaeleza jinsi ya kutengeneza mabamba membamba sana kwa kuchanganya dhahabu, fedha na shaba nyekundu kwa vipimo tofauti, kila mchanganyiko ukitoa rangi yake, ili yalazwe chini ya yakuti au zumaridi ndani ya pete. Almasi haikuwekewa bamba bali ilipakwa rangi upande wa nyuma. Kaisari Charles V alipomzawadia Papa Paulo III almasi mwaka 1536, kazi ya kuipaka na kuitia kwenye pete ilimwangukia Cellini, naye, ambaye hakuwa mtu wa kuona haya kujisifu, anasimulia kwa kirefu jinsi rangi yake ilivyoishinda ile ya sonara wa Venice aliyeishughulikia almasi hiyo kabla yake. Tuyapunguze majigambo yake kadiri tutakavyo. Bado yanatuonyesha kwamba rangi isiyoonekana ilikuwa jambo la kushindaniwa na mabingwa mbele ya Papa.

Hata hivyo, jamaa wa karibu zaidi wa kalamu yetu ni samani za André-Charles Boulle, seremala wa Mfalme Louis XIV, aliyepewa makao na karakana katika jumba la Louvre mwaka 1672. Boulle alibandika pamoja bamba la shaba ya njano na gamba la ng'amba, akayakata yote mawili kwa msumeno mwembamba kwa kufuata mchoro mmoja, kisha akapachika maua ya shaba ndani ya gamba, na masalio akayatumia kinyume chake, gamba ndani ya shaba. Gamba la ng'amba lilikuwa bidhaa ya zamani ya bahari yetu. Mwongozo wa Kigiriki wa biashara ya Bahari ya Hindi ulioandikwa katika karne ya kwanza, ule uitwao Periplus, unataja magamba ya Rhapta, kwenye pwani ya Afrika Mashariki, kuwa ya pili kwa ubora baada ya yale ya India. Lakini gamba likichongwa kuwa jembamba hupenyeza mwanga, na bila kitu nyuma yake lingeonyesha gundi na mbao za kabati. Kwa hiyo mgongo wake ulipakwa rangi, mara nyingi nyekundu ya zinjifuri, na wekundu unaowasisimua watazamaji wa samani hizo katika majumba ya makumbusho haukutoka kwa ng'amba hata kidogo. Shaba nayo ilikuwa na ukaidi wake. Gundi ya wanyama haishiki vizuri metali laini, hivyo mafundi waliikwaruza shaba upande wa nyuma na kuisugua kwa kitunguu saumu kabla ya kuigundisha. Na bado ilibanduka, kwa kuwa mbao hujikunja na kutanuka kwa unyevu wakati shaba inafuata joto. Warekebishaji wa samani za Boulle hadi leo wanahangaika na vipande vilivyoinuka. Anayepitisha msasa juu ya mrija wake na kuufuta mafuta anafanya kazi ya kile kitunguu saumu.

Kutoka kwa gamba hadi kalamu njia si ndefu. Seluloidi, ambayo ndugu wa Hyatt waliipatia hataza Marekani mwaka 1870, iliuzwa kwa kuiga pembe za ndovu na gamba la ng'amba, na mwaka 1924 kampuni ya Sheaffer ilianza kuitengenezea kalamu badala ya mpira mgumu. Parker Vacumatic ya mwaka 1933 ilikuwa na pete za kupenyeza mwanga zilizopishana na za giza, na kilichokuwa nyuma ya pete hizo kilikuwa wino wenyewe. Biashara ya kimataifa ya ng'amba ilipigwa marufuku kwa mkataba mwaka 1977. Plastiki iliyoigiza gamba ikabaki peke yake, pamoja na tatizo la gamba.

Mtu anaweza kupinga kwamba hapa hakuna ukoo wowote: mkereza kalamu wa leo hakufundishwa na mwanafunzi wa mwanafunzi wa Boulle, na wengi wao hawajapata kusikia jina lake. Ni kweli, nami sidai urithi wa mkono kwa mkono. Ninadai jambo ambalo naliona zito zaidi, kwamba watu wasiojuana, wakiwa na kitu chembamba kinachopenyeza mwanga juu ya kitu kisichopendeza, wamefika mara kwa mara kwenye jibu moja. Wapo waliofika hata kwenye tofauti zilezile ndogo. Baadhi ya wakereza hawapaki mrija bali hupaka ukuta wa ndani wa tundu, ili mapovu au mapengo ya gundi yasionekane. Hiyo ndiyo njia ya Boulle hasa, aliyepaka gamba na kuiacha mbao ilivyo. Kwa mpingo na miti mingine isiyopitisha mwanga hoja hii haina kazi, na anayeupaka rangi mrija utakaovikwa mpingo anapoteza muda wake.

Pingamizi la pili, la udanganyifu, ni gumu zaidi, kwa sababu historia yenyewe inalipa nguvu. Rangi nyuma ya jiwe ilitumiwa kuwauzia watu kioo kwa bei ya yakuti, na jiwe halali lenye rangi hafifu lingeweza kupandishwa daraja kwa bamba la chini. Lakini tuangalie hila hiyo inategemea nini. Jiwe hutoka kwenye pete. Lina bei yake likiwa peke yake, na anayelinunua likiwa limefungwa ananunua kitu ambacho siku moja kitang'olewa na kupimwa kikiwa uchi. Kalamu haina siku hiyo. Akriliki, rangi, gundi na mrija vimekwisha kuwa kitu kimoja kabla patasi ya kukerezea haijagusa, na hakuna soko la akriliki iliyobanduliwa kwenye mrija wake. Mnunuzi anaishika mkononi, anaigeuza kwenye mwanga, na buluu anayoiona ndiyo buluu anayoilipia.