Hellboy ni Nani? Mfahamu Shetani Mwekundu Anayelinda Walio Hai

Kama hujawahi kusoma Hellboy, hilo jina linaweza kukufanya uhepe mbio. Tulia kwanza. Hii ni story ya mtoto wa jehanamu aliyekataa kazi ya babake, akaamua kulinda watu.

Komiki hii ya kutisha ilibuniwa na Mmarekani Mike Mignola. Hadithi ndefu ya kwanza, Seed of Destruction, ilitoka 1994 chini ya kampuni ya Dark Horse, John Byrne akisaidia kuandika.

Alitoka wapi?

Rudi Desemba 1944. Wanazi wanaona vita vimewalemea, wanamtumia Rasputin, yule Mrusi ambaye historia inasema aliuawa 1916, kuita kitu cha kuwaokoa. Kitu kinakuja kweli, lakini kinatokea kwingine: kwenye magofu ya kanisa Uingereza. Wanajeshi wa Marekani waliokuwa hapo wanapata katoto kekundu, kana mkia, na mkono wa kulia ni kama wa jiwe. Profesa Trevor Bruttenholm anakachukua na kukalea kama wake.

Kazi yake ni gani?

Akikua anaingia B.P.R.D., shirika linalopambana na mizimu, wachawi na wafu waliokataa kulala. Mbogi yake ni Abe Sapien, msee nusu samaki, na Liz Sherman, ambaye anawasha moto bila kiberiti. Moto huo huo uliua familia yake akiwa mdogo, kwa hivyo usidhani ni zawadi.

Hellboy hana mbwembwe. Anaingia, anachapwa vibaya, anaamka, anamaliza kazi, anawasha sigara. Ni kama fundi wa bomba aliyeitwa usiku wa manane.

Noma iko hapa

Ule mkono wa jiwe ni ufunguo wa mwisho wa dunia. Jina alilozaliwa nalo ni Anung un Rama, na kila jini anayekutana naye anamkumbusha: wewe ni wetu, acha kujidanganya. Katika Wake the Devil ya 1996, pembe zake zinamea upya, kumaanisha saa imefika. Anazishika na kuzivunja mwenyewe. Vile visiki unavyoona kwa paji lake ndivyo vilivyobaki.

Cheki pia Pancakes ya 1999, kurasa mbili tu. Hellboy mdogo hataki kuonja chapati za maji. Anaonja, anapenda, na huko jehanamu mashetani wanaanza kulia. Wamejua wamempoteza. Utacheka, halafu utanyamaza kidogo.

Afrika je?

Tuko ndani. Makoma ya 2006, iliyochorwa na Richard Corben, imetoka kwa ngano ya kale ya kusini mwa Afrika kuhusu shujaa anayeshinda majitu.

Na muvi?

Ron Perlman aliigiza ile ya 2004 na ya 2008, zote za Guillermo del Toro. David Harbour akafuata 2019, kisha Jack Kesy 2024. Ngumi ziko, lakini muvi hazikupi kile kimya cha Mignola: kivuli cheusi tii, sanamu ya kanisa, halafu kitu kinasonga gizani.

Uanzie wapi?

Anza na The Corpse, ni fupi. Ni Ireland, mwaka 1959, na mtoto mchanga ameibwa na viumbe wa usiku. Ili arudishwe, Hellboy lazima abebe maiti mgongoni na kuitafutia kaburi kabla jua lichomoze. Maiti yenyewe inaongea, na kila makaburi anayofika wanamwambia hakuna nafasi.

Anaweza kuacha. Mtoto si wake. Lakini anaendelea kubeba. Ukielewa hiyo usiku moja, umemwelewa Hellboy.